Homa ya ini bila homa? Naomba msaada kutenganisha maneno ya magonjwa

Mwongozo_Afya

Wakuu, habari za muda huu.

Ninaandaa mwongozo mfupi wa maneno ya msingi kuhusu magonjwa ya binadamu, utumiwe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoanza mafunzo. Shida ni kwamba neno moja linatumika kwa maana mbili tatu kutegemea nani anaongea. Nimekwama hapa:

1. Dalili, ishara na ugonjwa. Wapo wanaosema manjano ni ugonjwa, wapo wanaosema ni dalili tu. Upungufu wa damu nao tuuweke wapi?

2. Kwa nini tunasema "homa ya ini" wakati wagonjwa wengi wa homa ya ini hawana homa kabisa?

3. Mtu aliyeambukizwa na mtu anayeumwa ni yuleyule? Na ugonjwa wa kuambukiza ni lazima utoke kwa mtu kwenda kwa mtu?

4. "Kali" na "sugu". Naona "homa ya ini kali", "homa ya ini sugu", "kifua kikuu sugu", na sina hakika kama "sugu" hizo mbili ni kitu kimoja.

5. Takwimu: visa vipya, jumla ya wagonjwa, kiwango cha vifo. Naomba mfano wenye namba.

Tafsiri ya kamusi ninayo. Ninachotafuta ni kinachotokea mwilini, ili mtu akiniuliza kwa nini neno hili si lile, niwe na jibu.

---

Hadubini

Mkuu, swali la kwanza na la pili yana mzizi mmoja. Majina ya magonjwa hayakutungwa siku moja wala kwa kanuni moja. Jina hili linataja anachohisi mgonjwa, lile linataja kinachoonekana kwa macho, jingine linataja kiungo kilichoharibika, jingine linataja kimelea kilicholeta shida. Kwa hiyo kila neno unaloliingiza kwenye mwongozo lihoji kwanza: wewe unataja nini hasa?

Dalili, kwa maana finyu, ni kile anachohisi mgonjwa mwenyewe na huwezi kukijua asipokwambia: kichefuchefu, kizunguzungu, kuwashwa, maumivu. Ishara ni kile unachokiona, unachokigusa, unachokisikia au unachokipima wewe: upele, bandama iliyovimba, mapigo 120 kwa dakika. Mtaani "dalili" hubeba zote mbili na hakuna ubaya. Kwenye fomu ya mgonjwa zitenganishe. "Anasema ana homa tangu juzi" na "joto la kwapani 38.6" ni taarifa mbili tofauti, na ya kwanza haifutwi na ya pili ikikosekana. Homa ya malaria hupanda na kushuka. Mtu anaweza kufika kwako akiwa na 36.8 na bado ana vimelea kwenye damu.

Dalili na ishara zinazozoeleka kutokea pamoja huitwa sindromu, hata kama chanzo hakijulikani. UKIMWI ulielezwa hivyo mwaka 1981, kama kundi la magonjwa yasiyo ya kawaida kwa watu ambao kinga yao ilikuwa imeporomoka. Kirusi chenyewe kilipatikana 1983. Tangu hapo tuna majina mawili kwa sababu yanataja vitu viwili: VVU ni kisababishi, UKIMWI ni hali inayotokea baadaye kinga ikishaharibiwa.

Sasa "homa". Kwa kipimo, homa ni joto la mwili kupanda, kwa kawaida kuanzia nyuzi 38 (kwapani husoma chini kidogo kuliko mdomoni). Ubongo una sehemu inayopanga joto la mwili liwe kiasi gani. Vimelea vinapoingia, seli za kinga hutoa kemikali zinazoiambia sehemu hiyo ipandishe kiwango. Ndiyo maana mgonjwa anatetemeka kwa baridi wakati ngozi yake ina moto: mwili unajitahidi kufikia kiwango kipya. Paracetamol hurudisha kiwango chini. Aliyepigwa na joto la jua au mazoezi hana homa kwa maana hii. Kiwango chake hakijapanda, mwili tu umeshindwa kutoa joto, kwa hiyo paracetamol haimsaidii. Huyo anapozwa kwa maji na upepo, haraka.

Lakini Kiswahili kimelitumia neno homa pia kama jina la kubatiza magonjwa: homa ya ini, homa ya mapafu, homa ya matumbo, homa ya uti wa mgongo, homa ya manjano. Hapo "homa ya" haisemi chochote cha uhakika kuhusu joto. Homa ya ini, homa ya mapafu na homa ya uti wa mgongo zinataja kiungo ambacho kina inflamesheni, yaani ule mwitikio wa mwili wenye wekundu, joto, uvimbe na maumivu, alama nne alizoziandika Celsus wa Roma katika karne ya kwanza. Kwenye ngozi utaziona zote nne. Kwenye ini huoni kitu. Seli za kinga zinashambulia seli za ini kimyakimya na mgonjwa anaendelea na kazi zake. Mwenye homa ya ini B ya muda mrefu anaweza kuishi miaka 20 bila kuhisi lolote, huku ini likijaa makovu. Na homa ya ini si lazima iletwe na kirusi: pombe, baadhi ya dawa, na kinga ya mwili inayojishambulia yenyewe, vyote huleta. Mhudumu akiambiwa "homa ya ini" aulize mara moja: imesababishwa na nini?

Manjano ni ishara, na napenda kuielezea hatua kwa hatua kwa sababu inafundisha mengi. Chembe nyekundu ya damu huishi takribani siku 120. Ikizeeka huvunjwa, hasa kwenye bandama, na mabaki yake hutoa rangi ya njano iitwayo bilirubini. Ini huichukua, huibadilisha ili iyeyuke kwenye maji, kisha huitoa pamoja na nyongo kupitia mrija hadi kwenye utumbo. Ndiyo inayokipa kinyesi rangi yake ya kahawia. Njia hiyo inaweza kukwama mahali patatu. Chembe zikivunjwa nyingi mno kwa mpigo, kama kwenye malaria au selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu zenye umbo la mundu), ini linazidiwa. Ini likiwa lenyewe gonjwa, linashindwa kuchakata. Mrija wa nyongo ukizibwa na kijiwe au uvimbe, bilirubini inarudi kwenye damu, na hapo utapata picha ya pekee: mkojo wa rangi ya chai iliyokolea, kinyesi cheupe kama udongo wa mfinyanzi, na mwili kuwasha. Ishara moja, vyanzo vitatu, matibabu matatu yasiyofanana.

Mambo mawili ya vitendo. Tazama weupe wa jicho kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya njano huficha manjano hafifu. Viganja vikiwa vya njano lakini macho meupe kabisa, huenda ni rangi ya karoti na vyakula vya jamii hiyo. Kwa mtoto mchanga, manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa ni dharura, yasisubiri kesho.

Na tafadhali, kwenye mwongozo weka onyo la wazi: "homa ya manjano" ni jina la ugonjwa mmoja wa kirusi unaoenezwa na mbu na wenye chanjo yake. Mtu mwenye macho ya manjano hana homa ya manjano kwa sababu tu macho ni ya manjano. Mkanganyiko huu huleta taharuki bure, na mbaya zaidi, huchelewesha mgonjwa wa mrija ulioziba.

Upungufu wa damu nao ni matokeo ya kipimo, si jibu la mwisho. Jina linadanganya kidogo: kinachopungua ni hemoglobini ndani ya damu, yaani ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, wakati ujazo wa damu wenyewe unaweza kuwa wa kawaida. Mipaka inayotumika sana ni gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume mtu mzima na 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Kinyume chake pia hutokea. Mtu aliyetoka kupoteza lita moja ya damu sasa hivi, ukipima hemoglobini yake papo hapo inaweza kusoma vizuri kabisa, kwa sababu damu iliyobaki ni ileile. Inashuka saa kadhaa baadaye, maji ya mwili yakishaingia kwenye mishipa kufidia. Kwa hiyo kwa anayevuja damu, tazama mapigo na shinikizo, usitulizwe na hemoglobini. Ukishapata "upungufu wa damu", kazi ndiyo inaanza: ni madini ya chuma, ni minyoo ya safura, ni hedhi nzito, ni malaria, ni selimundu, ni figo?

---

Maabara_Mbili

Nachukua swali la tatu.

Kukutana na kimelea, kukibeba, kuambukizwa na kuumwa ni hatua nne, na mtu anaweza kusimama kwenye yoyote. Takribani watu 3 kati ya 10 wana bakteria wa stafilokokasi puani na hawana tatizo lolote. Hao ni wabebaji: bakteria wapo juu ya ngozi laini ya pua, hawajavamia. Bakteria haohao wakiingia kwenye kidonda cha upasuaji, hayo sasa ni maambukizi.

Kifua kikuu ndicho mfano mzuri kuliko yote. Mtu anavuta bakteria, kinga inawazingira kwenye pafu na kuwafungia humo wakiwa hai. Kipimo cha ngozi au cha damu kitakuwa chanya, picha ya kifua itakuwa safi, hakohoi, na hawezi kumwambukiza mtu. Ana maambukizi yaliyolala, hana ugonjwa. Kwa wenye kinga ya kawaida, ni asilimia 5 hadi 10 tu kati yao watakaougua wakati wowote wa maisha yao. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa hatari ni kubwa zaidi sana. Mhudumu asiyejua tofauti hii atamtenga mtu asiye na hatari kwa mwingine yeyote, na kumwacha anayekohoa wiki ya tatu.

Kipindi cha kuatamia ni muda kutoka kimelea kuingia hadi dalili ya kwanza. Usikichanganye na muda wa kuanza kuambukiza wengine. Mgonjwa wa surua huanza kuambukiza siku 4 kabla ya upele kutokea, ndiyo maana ukiona upele tayari umechelewa. Ebola ni kinyume: kuatamia ni siku 2 hadi 21, na mtu haambukizi kabla dalili hazijaanza. Zile siku 21 za kufuatilia waliomgusa mgonjwa zimetoka hapo, na zinahesabiwa kuanzia siku ya mwisho ya kukutana naye. Nasisitiza ya mwisho, kwa sababu kosa la kuhesabu kuanzia ya kwanza hutokea na mtu huachiwa mapema.

Kichaa cha mbwa huatamia kwa kawaida miezi 1 hadi 3. Ugonjwa ukishaanza, karibu wote hufa. Lakini urefu huo wa kuatamia ndio unaotupa nafasi: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha chanjo ianze bila kungoja. Ona jinsi neno moja la msamiati linavyobeba uhai wa mtu.

Kuhusu "wa kuambukiza": ugonjwa wa kuambukiza maana yake umeletwa na kiumbe kilichoingia mwilini. Kutoka mtu hadi mtu ni njia mojawapo tu. Malaria inahitaji mbu. Pepopunda hutoka kwenye udongo kupitia kidonda, na mgonjwa wake hawezi kukuambukiza hata ukimuuguza kitanda kwa kitanda. Tena aliyepona pepopunda bado anahitaji chanjo, maana sumu inayoleta ugonjwa ni kidogo mno kuufundisha mwili kujikinga. Mimi kwenye mwongozo ningeandika "wa kuambukiza" kwa yote, halafu nieleze njia kila mara: kwa hewa, kwa mgusano, kwa maji na chakula, kwa damu, kwa mdudu.

Na "vimelea": wengine hulitumia kwa vyote vinavyoleta maradhi, wengine kwa minyoo na viumbe kama vya malaria peke yake. Chagua maana moja, iandike ukurasa wa kwanza. Bakteria ni seli kamili inayojitegemea. Kirusi si seli, kinazaliana ndani ya seli zetu tu. Antibiotiki hupiga sehemu ambazo bakteria anazo na kirusi hana, kwa mfano ukuta wa seli, kwa hiyo kuinywa kwa mafua ni kuua bakteria wasio na kosa na kuwaacha wale wenye usugu wazaliane. Usugu ni wa bakteria. Ile kauli ya "mwili wangu umezoea dawa" iondoe kabisa.

---

Mwongozo_Afya

Nashukuru sana, wakuu. Hiyo ya mtu aliyevuja damu na hemoglobini bado ni nzuri sikuijua. Naongeza moja: watu wanasema "moyo ulisimama", "alipata mshtuko wa moyo", "moyo umeshindwa" kama kitu kimoja. Na "uvimbe" je? Kila uvimbe ni saratani?

---

Tabibu_Kona

Nianze na kali na sugu kwa kuwa umenusa kitu cha kweli.

"Kali" inabeba mambo mawili: ugonjwa ulioanza ghafla na wa muda mfupi, na ugonjwa mzito. Hayo hayaendi pamoja siku zote. Mtoto anayepata homa ya ini A ana ugonjwa wa muda mfupi, na mara nyingi hata hajulikani kama aliugua. Ukiandika "homa ya ini kali" mzazi atafikiri mtoto yuko hatarini. Kisukari nacho ni cha muda mrefu na kinaweza kuwa kizito vilevile. Andika "ya ghafla" au "ya muda mfupi" ukizungumzia muda, na "nzito" au "nyepesi" ukizungumzia uzito. Utaona utata umekwisha.

"Sugu" nayo ni mbili. Homa ya ini B sugu ni ile ambayo kirusi kimebaki kwenye damu zaidi ya miezi 6. Kifua kikuu sugu ni kile ambacho bakteria hawafi kwa dawa. Kile kinachoitwa sugu kwa dawa nyingi maana yake dawa kuu mbili za kifua kikuu, isoniazidi na rifampisini, zote zimeshindwa. Ya kwanza ni kalenda, ya pili ni dawa. Kwa homa ya ini B umri wa kuambukizwa ndio huamua: watoto wachanga wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, takribani 9 kati ya 10 hubaki nayo, wakati kwa watu wazima ni chini ya 1 kati ya 20. Chanjo ya saa 24 za kwanza imewekwa hapo kwa sababu hiyo.

Moyo. Mshtuko wa moyo ni tatizo la mabomba: ateri inayolisha msuli wa moyo imeziba na sehemu ya msuli inakufa. Mgonjwa kwa kawaida yuko macho, anaongea, ana maumivu au mgandamizo kifuani unaoweza kwenda mkononi au tayani, anatoka jasho. Moyo kusimama ni tatizo la umeme au la kuishiwa kabisa: hakuna mapigo, mtu amezimia, hapumui au anahema mihemo michache inayoachana kama anayekata roho. Huyu anakandamizwa kifua hapo hapo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, na kifua kiachwe kirudi juu kila mara. Moyo kushindwa ni pampu dhaifu: unapiga, lakini hautoshi, na hali hii huenda miezi na miaka. Miguu inavimba jioni, akilala chali anakosa pumzi, anaongeza mito. Mshtuko unaweza kusababisha moyo kusimama, na ukipona unaweza kuacha moyo ulioshindwa, kwa hiyo vina undugu, lakini ukikosea jina unakosea hatua. Kumkandamiza kifua mtu anayeongea na wewe si huduma.

Kiharusi ni cha ubongo, kisiingizwe humu. Kipo cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka, na kwa nje vinafanana kabisa: mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika. Picha ya kichwa ndiyo inayotofautisha. Usimpe aspirini kabla ya picha. Kama ni cha kupasuka utamwongezea damu ubongoni.

Uvimbe ni neno pana mno. Mguu umevimba kwa maji, jipu limevimba kwa usaha, tezi imevimba kwa kupambana na maambukizi, na kuna uvimbe wa seli zinazozaliana bila kufuata amri. Hata huu wa mwisho si lazima uwe saratani. Kinachoufanya saratani ni tabia mbili, kuvamia tishu za jirani na kutuma seli mbali kupitia damu au limfu, ukubwa hauhusiki. Fibroidi (uvimbe wa msuli wa mfuko wa uzazi) ya kilo 2 si saratani. Doa la ngozi la milimita 6 linaweza kuwa. Lukemia, yaani saratani ya damu, haina uvimbe wowote wa kushika.

Saratani hubaki na jina la ilikozaliwa. Ya titi iliyofika kwenye mfupa ni saratani ya titi iliyosambaa, seli zake ni za titi na dawa zake ni za saratani ya titi. Familia zikisikia "sasa ana saratani ya mifupa" zinadhani ni ugonjwa wa pili. Halafu usichanganye hatua na daraja: hatua inasema imefika wapi mwilini, daraja linasema seli zimepotoka kiasi gani chini ya hadubini. Kinyama kilichokatwa kinatoa daraja. Hatua inahitaji pia picha za mwili.

---

Hesabu_za_Afya

Swali la tano kwa namba za kubuni, rahisi kubeba kichwani.

Kijiji cha watu 10,000. Tarehe 1 Januari 200 kati yao tayari wana ugonjwa X. Mwaka mzima wanaongezeka 50 wapya, wanapona 20, wanakufa 10 kwa ugonjwa huo. Visa vipya ni 50 kwa mwaka (kwa ukali wa hesabu unagawa kwa 9,800 ambao hawakuwa nao mwanzoni, si 10,000). Jumla ya wanaoishi nao tarehe 31 Desemba ni 200 + 50 − 20 − 10 = 220, yaani takribani asilimia 2.2. Vifo katika jamii ni 10 kwa watu 10,000. Vifo miongoni mwa wagonjwa ni 10 kati ya 250 waliowahi kuwa nao mwaka huo, asilimia 4. Namba mbili za mwisho ndizo zinazogombanisha watu. Kichaa cha mbwa kinaua karibu kila anayeugua, lakini kwa jamii nzima vifo vyake vinaweza kuwa vichache kuliko vya kuhara, ambako wengi mno huugua na wachache kati yao hufa.

Jumla ikipanda haimaanishi hali imeharibika. Dawa za VVU zilipoanza kuokoa maisha, watu wanaoishi na VVU waliongezeka kwa sababu hawafi, hata pale visa vipya vilipopungua. Ripoti ikikupa namba moja bila kusema ni ipi, usiitumie.

Naongeza kipimo, kwa kuwa mwongozo wako utakifikia tu. Pima watu 1,000, kati yao wagonjwa ni 10. Kipimo kinakamata wagonjwa kwa asilimia 90 na kinawaachia wazima kwa asilimia 95. Kitakamata wagonjwa 9. Lakini kati ya wazima 990, asilimia 5, karibu 50, watapewa chanya ya uongo. Una chanya 59 na wagonjwa wa kweli ni 9. Kipimo hakijaharibika. Ugonjwa ni adimu, basi, na kwa hiyo chanya ya kwanza kwa mtu asiye na dalili inadai kipimo cha pili cha aina nyingine kabla ya kumwambia mtu lolote la kumbadilishia maisha.

Hasi nayo ina mtego wake: kipindi cha dirisha. Vipimo vingi vya VVU vinatafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, na mwili unazitengeneza baada ya wiki kadhaa. Hasi ya leo kwa aliyekutana na kirusi wiki iliyopita haina maana yoyote. Arudie miezi 3 baada ya tukio.

---

Mkunga_Z

Jambo moja halijaguswa na kwangu ni zito: "ugonjwa wa kuzaliwa nao" na "ugonjwa wa kurithi". Vinatumika kama pacha na si pacha. Kaswende ya mtoto mchanga ni ya kuzaliwa nayo, lakini hakuirithi. Bakteria walivuka kondo, na penisilini kwa mama wakati wa ujauzito ingemkinga. Ugonjwa wa Huntington, unaoharibu ubongo polepole, ni wa kurithi kabisa, na wengi huonyesha dalili za kwanza kati ya miaka 30 na 50. Ukimwambia mama wa mtoto mwenye kaswende kwamba ni ugonjwa wa kurithi, umemfunga mdomo: hatatibiwa, mwenzi wake hatatibiwa, na mimba ijayo itaingia mtegoni uleule.

Kwa selimundu, wazazi wawili wenye vinasaba vya ubebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa, 2 kati ya 4 ya mbebaji, 1 kati ya 4 ya asiye na chochote. Nimeandika "kila mimba" kwa makusudi. Wazazi husikia "mmoja kati ya wanne", wakimpata wa kwanza mgonjwa wanaamini watatu wanaofuata wako salama. Kinasaba hakikumbuki mtoto aliyetangulia. Kwenye mwongozo wako chora sarafu mbili, zirushwe upya kwa kila mtoto, kichwa kwa kichwa ndiye anayeugua. Watakuelewa hata wasiosoma.

---

Mwongozo_Afya

Nimezichukua sarafu, mama. Na "sugu" nimeshaigawa mistari miwili: "ya muda mrefu" na "isiyosikia dawa".

---

Tabibu_Kona

"Isiyosikia dawa" ni nzuri, ila taja dawa ipi. Kifua kikuu kisichosikia rifampisini bado kina dawa nyingine zinazokiponya, na mgonjwa akisoma maneno hayo bila jina la dawa ataona ameshahukumiwa na ataacha kuja kliniki.